Magitaa ya Besi ya Kale na Wenyewe: Maswali na Majibu

Katika barua zilizonifikia juu ya magitaa ya besi ya kale nimezichagua zile zinazonisumbua nafsi, ama kwa kuwa zimejaa uvumi, ama kwa kuwa nyuma yake namwona mtu anayekaribia kughilibiwa. Walioniuliza besi ina nyuzi ngapi watanisamehe nikiwapita.

Besi yangu ni Fender, na bamba la nyuma lina nambari. Ni ya mwaka gani?

Swali hili limeletwa na wasomaji wa Nairobi, Dar es Salaam, Maskati na London, kila mmoja akiniandikia nambari tupu kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Nawajibu pamoja, tena kwa urefu, maana sijui dhana iliyowatia watu hasara kuliko hii. Leo Fender alipoitoa besi ya Precision mwaka 1951, huko Fullerton, California, alikuwa akiendesha kiwanda, hakuwa akitunza daftari la nasaba. Mabamba ya chuma yenye nambari yalikaa sandukuni, na fundi aliyefunga shingo kwenye mwili alitwaa lolote lililomjia mkononi, hata ikawezekana nambari ndogo kufungwa muda mrefu baada ya nambari kubwa. Fauka ya hayo, bamba lenyewe limeshikwa na skrubu nne tu, na mwenye bisibisi na nia mbaya aweza kulitoa katika gitaa bovu la mwaka 1962 akalifunga katika gitaa la juzi, kisha akamwonyesha mnunuzi nambari iliyo ya kweli kabisa juu ya chombo kilicho cha uongo.

Ithibati hutafutwa mahali pasipoonekana. Kwenye kisigino cha shingo, pale inapoingia mwilini, aghalabu pana tarehe iliyoandikwa kwa penseli au kugongwa muhuri, nayo ni tarehe ya shingo, si ya gitaa zima. Vidhibiti vya sauti navyo vina tarakimu migongoni mwao: 304 ni alama ya kiwanda cha Stackpole, 137 ni ya CTS, na zifuatazo ni mwaka na juma. Basi 304 6142 ni Stackpole, juma la 42 la mwaka 1961, na besi yenye kidhibiti hicho, madhali lehemu yake haijaguswa, haikuungwa kabla ya Oktoba ya mwaka huo. Lakini yaweza kuwa imeungwa baadaye sana, kwani kiwanda kiliponunua shehena kubwa ya vidhibiti mwaka 1966, baada ya kununuliwa na kampuni ya CBS mwaka 1965, kiliendelea kuvitumia kwa miaka kadhaa. Shingo, vidhibiti, pikapu, rangi na mwili vikikubaliana katika ushahidi wao, hapo ndipo nambari ya bamba huruhusiwa kusema nayo. Na asiyekuwa fundi asiifungue shingo kwa pupa, kwa maana tundu la skrubu likiliwa, na lehemu ya zamani ikiyeyushwa, ushahidi umekwisha kuharibiwa na yule yule aliyeutafuta.

Niipake rangi mpya kabla ya kuiuza?

Usiipake, wala usiisugue.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mpiga besi wa bendi ya dansi miaka ya sitini. Gitaa lake liko wapi?

Barua za namna hii ni nyingi, na karibu zote zimejengwa juu ya neno "lake", ambalo ndilo la kuchunguzwa kwanza. Katika bendi nyingi za Tanzania vyombo havikuwa mali ya mpigaji bali vya mwenye bendi, naye aweza kuwa tajiri, chama au shirika: NUTA Jazz, mathalani, iliundwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi. Mwanamuziki alipohamia bendi nyingine aliondoka na ufundi wake, gitaa likabaki na mwenyewe. Kwa hiyo usianze kwa kupekua makabati ya wafiwa, wala usiwatuhumu jamaa kwamba wameuza urithi. Tafuta picha ambamo kichwa cha gitaa kinaonekana, uende nayo kwa wazee waliocheza naye na kwa aliyeshika funguo za ghala ya vyombo. Fanya hivyo mwaka huu, kwa kuwa wazee hao wanaondoka, na kupuuzwa kwao ni msiba ninaousikitikia kuliko kupotea kwa gitaa lolote.

Yupo dalali anayesema ataitafuta besi yangu iliyoibwa nikimtangulizia ada.

Huyo ni mwizi wa pili.

Yawezekanaje besi ya Paul McCartney kupatikana baada ya nusu karne?

Yawezekana kwa sababu watu waliacha kubahatisha wakaanza kuuliza. Höfner ile ya mkono wa kushoto, aliyoinunua Hamburg mwaka 1961, iliaminiwa kwa miaka mingi kuwa ilipotea mwaka 1969, na aliyetafuta kwa kuifuata imani hiyo alitafuta mahali ambapo haikupata kuibwa. Wito ulipotangazwa hadharani Septemba 2023, ukiongozwa na Nick Wass, aliyewahi kufanya kazi na Höfner, pamoja na waandishi wawili wa habari, aliyekuwa fundi mitambo wa McCartney alieleza kwamba iliibwa usiku wa tarehe 10 Oktoba 1972 kutoka katika gari lililoegeshwa Notting Hill, London. Ushahidi huo mmoja uligeuza mwaka, mahali na watu wa kuulizwa. Njia ikafuatwa kutoka kwa mwizi hadi kwa mwenye baa, na hatimaye hadi darini mwa nyumba moja Sussex, na habari ya kurudi kwake ikatangazwa Februari 2024. Zingatieni kwamba haikuwa imefichwa na tajiri mkusanyaji, kama uvumi upendavyo kusimulia, bali ilikuwa katika nyumba ya watu wa kawaida. Ndiyo maana wito mwema humwahidi mwenye habari kwamba atasikizwa bila kuaibishwa.

Nimesikia besi ya James Jamerson iko kwa mwanamuziki fulani mashuhuri.

Mmesikia, na barua nne zimenitajia watu wanne mbalimbali. Precision ya mwaka 1962, ambayo Jamerson aliipigia nyimbo za Motown huko Detroit, iliibwa siku chache kabla hajafariki Agosti 1983, na haijapatikana. Kumtaja mtu kwa jina bila hata picha moja ni kumzulia, nami sitashiriki. Anayetaka kusaidia aijue alama yake: kwenye kisigino cha shingo Jamerson aliandika neno "FUNK".

Nisafirishe vipi besi yenye ubao wa rosewood ya Brazili?

Kwa hati ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mti huo, ulio wa jamaa moja na mpingo wetu, umo katika orodha ya ulinzi mkali tangu 1992, na forodha haitajali kwamba gitaa ni la babu.

Nimenunua besi ya kale kwa haki, na sasa nahofu kwamba iliibwa. Nifanyeje?

Usiiuze kwa haraka ili kuitua hofu juu ya mwingine. Jazz Bass ya mpiga besi Jaco Pastorius, iliyokuwa imeng'olewa vipingo vya chuma vya shingoni, iliibwa New York mwaka 1986, ikaonekana tena baada ya miongo miwili hivi, ikazusha mzozo juu ya nani mwenye haki, mpaka mwaka 2010 Robert Trujillo wa Metallica alipoisaidia familia kuirejesha. Iliwahi kuvunjika vipande na kuungwa, na nyufa zile ndizo zisizoweza kughushiwa na mtu. Basi nawe ipige picha kila ufa, kila tundu na kila mkwaruzo, mwandikie aliyekuuzia akueleze aliipata kwa nani, kisha umwone wakili wa nchi yako kabla ya kumwona mnunuzi, kwa sababu haki ya mnunuzi mwema haihukumiwi namna moja katika kila nchi.