Somo la Mwezi: Msimamizi wa Boazi na Mashine Zetu

Soma: Ruthu 2:1–16



Tusomapo habari za Boazi, mara nyingi twatazama ndoa yake na Ruthu. Mwezi huu tumtazame kama mtu wa kazi. Alikuwa na shamba, alikuwa na wavunaji, tena alikuwa na msimamizi aliyejua kila lililotendeka shambani. Angeweza kukaa mjini akaletewa hesabu jioni. Lakini alitoka Bethlehemu, akafika mwenyewe, akawasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wakamwitikia. Kisha akamwona mgeni, akauliza habari zake.

Siku hizi biashara nyingi zimepata msimamizi wa namna mpya, ndiye akili mnemba: programu za kompyuta zilizofundishwa kwa maandishi mengi mno, hata zaweza kujibu maswali kwa lugha ya watu. Baadhi yetu twazitumia kuandika matangazo, kupanga hesabu na kuwajibu wateja kwa simu. Hatusemi kwamba ni dhambi. Boazi hakukosa kwa kuwa na msimamizi. Yatupasa kujiuliza tu: ni kazi gani mwenye mali aweza kumwachia msimamizi, na ni ipi asiyoweza?

1. Mashine yaweza kujibu. Kuwajibika ni juu yetu.

Mwezi wa Novemba 2022 mtu mmoja wa Kanada alifiwa na bibi aliyemzaa mzazi wake. Akitaka kusafiri kwa ajili ya msiba huo, aliuliza habari za nauli kwa programu ya kujibu wateja ya kampuni ya ndege ya Air Canada. Programu ikamwambia kwamba aweza kulipa nauli kamili, kisha aombe punguzo la wafiwa ndani ya siku 90. Alipoomba, kampuni ilikataa, kwa kuwa utaratibu wake haukuruhusu kuomba baada ya safari. Shauri lilipofika mbele ya baraza la jimbo la British Columbia, kampuni ilijitetea kwamba programu ile yapaswa kujibu yenyewe kwa matendo yake. Mwezi wa Februari 2024 baraza lilikataa neno hilo, na kampuni ikaamriwa kulipa kama dola 812 za Kanada.

Utetezi huo si mpya. Katika Mwanzo 3:12–13 Adamu alimtupia mkewe lawama, na mke akamtupia nyoka. Mwenye duka asemaye, "Si mimi, ni kompyuta," amesimama palepale bustanini.

2. Mashine yaweza kutoa habari. Kumjua mtu ni kazi yetu.

Msimamizi alisema kweli tupu juu ya Ruthu: ni Mmoabi, amekuja na Naomi, amefanya kazi tangu asubuhi. Hakukosea hata neno. Lakini Boazi alimwita binti yake, akataja kifo cha mumewe na wema wake kwa mkwewe, na Ruthu akakiri kwamba amefarijiwa. Maneno ya msimamizi yalikuwa sahihi, lakini faraja aliipata kwa Boazi.

Kampuni ya fedha ya Klarna, ya Uswidi, ilitangaza mwezi wa Februari 2024 kwamba programu yake imefanya mazungumzo milioni 2.3 na wateja katika mwezi mmoja, kazi ya watu 700. Mwaka 2025 mkuu wake alikiri kwamba walikuwa wametazama gharama kupita kiasi, na ubora wa huduma ukashuka. Wakaanza tena kuajiri watu, ili mteja anayetaka kusema na mtu ampate.

3. Mashine hufuata kanuni. Rehema ni yetu.

Sheria katika Walawi 19:9–10 ilidai masazo ya mavuno yaachwe kwa maskini na wageni. Boazi alizidi hapo: aliagiza masuke yachomolewe matitani kwa makusudi, Ruthu ayaokote. Hakuna kanuni iliyomlazimisha. Ndivyo afanyavyo mama wa genge anapomwona mteja wake wa siku zote amepungukiwa, akamfungia mboga na kumwambia atalipa kesho. Ameujua uso wake.

Basi, tutumie mashine kwa hesabu na kwa maswali mepesi. Tusome inayoyaandika kabla ya kuyatuma. Mteja mwenye msiba, deni au malalamiko tumpokee sisi wenyewe. Na saa tuliyoiokoa tusiihesabu kuwa faida ya fedha tu. Tukatembee shambani kama Boazi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Je, wateja wetu wakitaka kusema nasi wenyewe, watatupata?
2. Ni lini tulisingizia mtumishi au chombo kwa kosa letu?
3. Mashine ikichukua kazi ya kijana tuliyemwajiri, tunawiwa nini naye?

Sala

Ee Mungu, uliyetuumba kwa mfano wako, na kumtuma Mwanao akae kati yetu: utujalie tusijifiche nyuma ya kazi za mikono yetu, bali tuwaone wale unaowaleta milangoni petu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.