Kimbunga Kilichofika Mafia

Kisiwa cha Mafia kimo baharini, mbele ya milango ya mto Rufiji, na mji wake mkuu ni Kilindoni. Watu wake wengi huishi kwa uvuvi na kwa minazi, kwa hiyo hakuna mtu mzima kisiwani asiyezijua pepo. Kaskazi ikiisha, masika huja na mvua zake. Kisha, katika mwezi wa Mei, kusi hushika. Mwaka 2024, katikati ya mageuzi hayo, ulikuja upepo wa namna nyingine, nao waliokuwa mbali waliuona kabla ya waliokuwa karibu.

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la digrii 26 au 27 na zaidi. Maji hugeuka kuwa mvuke. Mvuke hupanda, na huko juu hupoa na kuwa mawingu na mvua. Unapopoa hulitoa lile joto uliolichukua baharini, na hewa hupata nguvu ya kupanda tena. Basi chini hewa hupungua uzito, na hewa ya pande zote hukimbilia mahali pale ili kupajaza. Lakini haifiki moja kwa moja, kwa sababu dunia inazunguka, nayo hupotoshwa njiani ikawa inazunguka pia. Kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa inavyokwenda. Karibu sana na ikweta nguvu ya kupotosha ni dhaifu, na kwa hiyo vimbunga havizaliwi huko. Mafia iko kama digrii 8 kusini, ukingoni mwa njia yao; ndiyo maana mzee anaweza kuishi miaka yake yote kisiwani asikione kimbunga hata kimoja.

Mabaharia wa zamani walikuwa na njia ya kukitafuta kimbunga wasichokiona. Simama, uupe upepo mgongo. Katika upande wetu wa dunia, moyo wa kimbunga utakuwa upande wa mkono wako wa kuume. Sasa tazama ramani. Kimbunga kikiwa mashariki ya Mafia, upepo wa kisiwani hutoka kusini. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana katika mwezi wa Mei upepo wa kusini ni jambo la kawaida, na mvuvi angeweza kusema, “Ni kusi tu imeanza,” akatweka tanga. Hatari ya pili ni jicho. Katikati ya kimbunga chenye nguvu pana mahali patulivu. Likipita jicho, upepo hukatika, labda hata jua huonekana, na watu hutoka nje kutazama yaliyoharibika. Kisha upepo hurudi kwa ghafula kutoka upande mwingine.

Watu wa Unguja hawakuwa na wa kuwaonya tarehe 15 Aprili 1872, zamani za Seyyid Barghash. Kimbunga kilivunja vyombo bandarini, na merikebu za Sultani pamoja navyo; kikaangusha minazi, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba haikupata madhara kama hayo, na tangu hapo Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kilipiga Lindi.

Mambo yalikuwa mengine mwaka 2024. Juu ya bahari ya Hindi kuna vyombo viitwavyo setilaiti, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Huzunguka sawasawa na dunia, hata huwa kama vimesimama mahali pamoja, na hupiga picha za mawingu mchana na usiku. Katika kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa, wako wataalamu ambao kazi yao ni kulinda bahari yote ya kusini-magharibi, tangu pwani ya Afrika hata digrii 90 mashariki. Kila tufani hupewa jina, kwa kufuata abjadi. Ya nane katika msimu ule iliangukia herufi H, ikaitwa Hidaya, maana yake zawadi. Nayo ilikuwa zawadi isiyoombwa na mtu.

Tarehe 1 Mei Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilitangaza kwamba hewa imelegea uzito baharini, mashariki ya Mtwara. Watu wake walitia alama kwenye ramani, wakatazama tena baada ya saa chache, wakatia nyingine. Na alama zile zilikuwa zikielekea magharibi, yaani pwani. Upepo ukapita kilomita 118 kwa saa, nao huo ndio mpaka: chini yake ni tufani, juu yake ni kimbunga. Kila siku watu wa Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam na visiwani waliambiwa umefika wapi. Boti za Dar es Salaam na Unguja zikazuiwa kusafiri.

Jumamosi, tarehe 4 Mei, Hidaya ilifika Mafia. Ilikuwa imekwisha kupungua nguvu, na juu ya nchi kavu, ambako haikupata tena mvuke wa bahari, ikafa. Mvua yake haikufa pamoja nayo. Mtwara, ambako mvua ya mwezi wote wa Mei ni kama milimita 54, zilinyesha milimita 75 kwa saa 12. Huko Somanga, katika Kilwa, maji yaliikata barabara kuu ya kusini, na magari yakapangana pande mbili yakingoja.

Mwezi ule haujaisha, herufi iliyofuata nayo ikatwaliwa. Tufani Ialy ilitokea baharini, na wale wa Réunion wakaanza tena kutia alama kwenye ramani. Lakini hiyo ilishika njia ya kaskazini, ikapita mbali na Mafia.