Mahindi Yenye Ukungu Si Chakula cha Mbwa



Katika nyumba nyingi mbwa hula mabaki. Hula ugali wa jana, ukoko na pumba. Mahindi yakiota ukungu, watu husema, "Haya tutampikia mbwa." Somo letu la leo linasema: usifanye hivyo.

Kwa nini?

Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga unaweza kutoa sumu. Sumu hiyo inaitwa sumukuvu. Huwezi kuiona kwa macho. Ukiosha mahindi, sumu inabaki. Ukipika ugali, sumu inabaki. Moto wa jikoni hauiondoi.

Sumukuvu huharibu ini. Mbwa hudhurika upesi. Kwanza hukataa chakula, hutapika na kulegea. Kisha macho na ufizi huwa vya manjano. Huweza kuharisha damu na kufa.

Sumu hiyo hiyo huua watu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Kati yao 125 walikufa. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mtu anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini.

Kwa hiyo mbwa wako akiugua hivyo, mwite bwana mifugo. Lakini usimtazame mbwa peke yake. Tazama na ghala. Kama mbwa na watoto wanakula mahindi ya ghala moja, acheni kuyala mpaka bwana shamba ayaone. Mtu akiwa na macho ya manjano, mpelekeni hospitali mara moja.

Tufanye nini?

1. Anika mahindi juu ya turubai, mkeka au kichanja. Usianike juu ya udongo.

2. Pima ukavu. Tia mahindi kiasi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Funga, tikisa, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Anika tena.

3. Chambua. Ondoa punje zenye ukungu, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu.

4. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

5. Fukia punje mbovu katika shimo refu, mbali na kisima. Usiziuze. Usizipikie pombe. Usiwape kuku. Usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita ikaingia katika maziwa, na maziwa hayo wanakunywa watoto.

Chakula kilichomshinda mwenye nyumba kwa ukungu, kisimfikie mlinzi wake.

Maswali ya kujadili

1. Je, kupika huondoa sumukuvu?
2. Taja dalili tatu za mbwa aliyekula sumu hii.
3. Nyumbani kwako punje mbovu hutupwa wapi?