Krimu ya Chunusi Iliyoandikwa na Daktari: Itumiwe Namna Gani?



Somo letu leo ni la uso. Huenda mwingine akacheka na kusema chunusi si jambo la maendeleo, afadhali tuongee mbuzi wa maziwa na matangi ya maji. Lakini hebu hesabu pesa ambazo vijana wa boma lako wanatumia kununua vikopo vya krimu sokoni. Halafu mwangalie yule msichana ambaye siku hizi hataki kusimama mbele ya darasa, akiulizwa swali anainamisha uso.

Tuanze na chunusi yenyewe. Ngozi ya uso ina vitundu vidogo sana, na ndani yake mna tezi za mafuta. Mtoto akibalehe, mafuta hayo huongezeka. Wakati huohuo ngozi iliyokufa, badala ya kupukutika, hugandamana na kukiziba kitundu, kama majani yanavyoziba mtaro wakati wa mvua. Mafuta hayana pa kutokea, vijidudu vinazaliana humo ndani, mahali panavimba na kutunga usaha. Kwa hiyo chunusi si uchafu wala si damu mbaya. Na wale wanaowaambia vijana kwamba zitaisha wakioa, wanasema tu; wako watu wazima wengi wenye ndoa na watoto ambao bado wanazo. Kusugua uso kwa sabuni ya kipande mara tano kwa siku hakusaidii. Limau na dawa ya meno huchoma ngozi bure. Lakini mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso, hayo kweli huleta chunusi, na kuyapunguza hakugharimu hata senti.

Sasa, mtu akienda hospitali anaweza kuandikiwa krimu ya jamii ya retinoidi. Hizi ni dawa zenye undugu na vitamini A. Ile ya zamani ni tretinoini, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1971 baada ya utafiti wa Daktari Albert Kligman wa Philadelphia. (Daktari huyo alifanya majaribio yake mengi juu ya wafungwa gerezani, jambo ambalo analaumiwa kwalo hadi leo, na ni haki alaumiwe.) Nyingine ni adapaleni, ambayo ni pole zaidi kwa ngozi. Kazi ya krimu hizi ni kuifanya ngozi iliyokufa ipukutike vizuri, ili vitundu vifunguke na vipya visizibe.

Hapa tusidanganyane. Krimu hii haifungi bomba la mafuta. Mwenye uso wa mafuta ataendelea kung'aa saa sita mchana kama kawaida, ila mafuta yatapata njia ya kutoka. Anayeitumia akingoja uso ukauke kama karatasi, atazidisha dawa na kuumia.

Na wengi wanaumia hapo kwenye kipimo. Jioni osha uso kwa maji na sabuni isiyo kali, ukaushe kwa kuugusagusa na kitambaa, kisha ungoje kama nusu saa mpaka ngozi iwe kavu kabisa. Toa krimu kiasi cha punje moja ya minji. Punje hiyo moja ni ya uso mzima! Paka nyembamba kila mahali chunusi hutokea, si juu ya kipele kimoja kimoja, kwa maana kazi yake ni kuzuia zile ambazo bado hazijaonekana. Epuka macho, pembe za mdomo na mianzi ya pua. Wiki za kwanza paka usiku mmoja, uruke mmoja au miwili. Ngozi ikizoea, ndipo upake kila usiku. Kama inakauka na kubambuka, paka losheni nyepesi juu yake, au pumzika siku chache. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi hili ni muhimu, kwa sababu ngozi ikiungua huacha madoa meusi yanayokaa miezi mingi kuliko chunusi yenyewe.

Kwa nini usiku? Tretinoini huharibiwa na mwanga wa jua, tena ngozi inayotumia dawa hii huchomwa na jua upesi. Anayekwenda shambani avae kofia pana au ajifunike leso, na akiweza kununua krimu ya kuzuia jua, apake asubuhi.

Halafu subira. Wiki za kwanza chunusi zinaweza hata kuongezeka, na hapo ndipo wengi hutupa tyubu na kurudi sokoni. Nafuu huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Ni kama msimu wa mahindi, huwezi kupanda leo na kuvuna Jumapili.

Jambo ambalo sitaki mtu yeyote aliruke ni mimba. Mwenye mimba, au anayetafuta mtoto, asitumie krimu hizi. Akigundua ana mimba huku anatumia, aache na aeleze kliniki. Asiingiwe na hofu kubwa, kwa sababu inayoingia mwilini kutoka kwenye ngozi ni kidogo sana, lakini asiendelee. Vidonge vya jamii hiyohiyo, yaani isotretinoini, ni hatari kubwa kabisa. Hivyo huharibu mtoto tumboni, na havifai kumezwa bila daktari kumfuata mgonjwa kwa karibu.

Ndiyo maana wazo linalosikika katika vikundi vingine, la kununua krimu hii kwa jumla na kuipima katika vikopo vidogo ili kuuza kama mradi, siliungi mkono hata kidogo. Biashara ya kikundi ni nzuri, lakini dawa hii huandikiwa mtu mmoja baada ya kuangaliwa. Kuna nguvu tofauti, na anayeanza hupewa ile ndogo. Ikishawekwa kwenye kikopo kisicho na jina, nani atamwuliza mnunuzi kama ana mimba?

Mbaya zaidi ni krimu za sokoni zenye steroidi, au zile za kubadilisha rangi ya ngozi. Msichana akizipaka, wiki ya kwanza uso unalainika na chunusi zinafifia, anamshukuru aliyemwuzia. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vinarudi vingi kuliko vya kwanza. Akijaribu kuacha, uso unawaka moto, basi anarudi dukani. Huo ni utumwa, na unaanza na kikopo kidogo cha bei rahisi.

Kwa mkutano ujao naomba kila mwanakikundi aje na krimu zote zilizo nyumbani kwake, zake na za watoto. Mwenye macho mazuri asome maandishi madogo kwa sauti. Tafuteni majina yanayoishia na herufi s-o-n-e, kama betamethasoni, na tafuteni pia klobetasoli, ambayo kwenye tyubu huanza kwa herufi C. Hizo ni steroidi. Haidrokwinoni na zebaki ni za kuchubua rangi. Kikopo kisicho na maandishi yoyote kiwekwe upande wa mashaka. Mkikuta binti amekuwa akipaka steroidi kwa muda mrefu, msimgombeze wala msimnyang'anye ghafla, kwa sababu kuacha kwa siku moja kunaweza kumletea mwasho na uvimbe mkali. Mama mmoja amsindikize dispensari pamoja na hiyo tyubu yenyewe, ili mhudumu aone alichokuwa akitumia na amwambie namna ya kupunguza.