Kuhifadhi Kipakatalishi Katika Nchi ya Majani Chai

Kijitabu hiki kimekusudiwa walimu, wanafunzi, makarani na wakulima wa Kericho na Bomet, ambao aghalabu hudhani ya kuwa, maadamu nchi yao iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni za ukungu, mashine zao zimesalimika na maradhi ya joto. Dhana hiyo si sahihi. Joto la kipakatalishi halitoki angani, bali huzaliwa ndani, katika prosesa, na kazi ya feni ni kulitoa nje kwa kuvuta hewa na kuipitisha matunduni. Na hewa ya milimani, kwa wepesi wake, huchukua joto kidogo kuliko hewa ya Mombasa. Tena baridi yenyewe ndiyo huleta balaa: ifikapo Julai mtu hujitia kitandani, akaiweka mashine juu ya blanketi, matundu ya chini yakazibwa, na feni ikavuma kama nyuki waliochokozwa.

Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo wake kwanza, na joto likizidi mashine hujizima ghafula, jambo ambalo wengi huwasingizia virusi bure. Iwekwe, basi, juu ya meza au ubao mkavu. Na kwa kuwa vumbi jekundu la barabara za ndani za Bureti na Konoin, pamoja na masizi ya jiko la kuni, hugandamana katika mapezi ya chuma yaliyo mbele ya feni, yafaa fundi aifungue mara kwa mara, aondoe vumbi kwa brashi laini, na abadili ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa.

Amma kibodi, adui yake mkubwa huku kwetu ni chai, nayo si ya rangi tu, bali ya maziwa na sukari, ambayo ni mbaya zaidi, kwani sukari hukauka ikawa gundi chini ya vitufe na unyevu ukala nyaya nyembamba. Ikimwagika, bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike, chomoa chaja, toa betri ikiwa yatoka, kisha uipindue kibodi itazame chini. Usiisogeze jikoni, wala usiizike katika mchele, maana mchele hauondoi sukari. Fundi na aifungue, aisafishe kwa spiriti ya isopropili, na isiwashwe kabla ya kukauka kabisa.

Vitufe vikigoma pasipo kumwagikiwa na kitu, chomeka kibodi ya nje: ikifanya kazi sawasawa, ya ndani ndiyo mbovu. Zote mbili zikigoma, tazama mipangilio kabla ya kutoa pesa, kwa sababu katika Windows kukishikilia kitufe cha Shift cha kulia kwa sekunde 8 huweza kuifanya mashine ipuuze vitufe vilivyobonyezwa upesi.

Lakini ukiona kibodi imeinuka katikati, au kipadi cha kugusa kinachosogeza kielekezi hakibonyezeki, hadhari kubwa: huenda betri imefura, nayo yaweza kuwaka moto. Acha kuichaji, usiitoboe, usiitupe shambani wala kuichoma pamoja na takataka. Mpe fundi aitoe, kisha ifikishwe kwa wanaopokea taka za elektroniki.