Kuuvusha Mkuyu Kiangazi

Toleo hili linawafikia wananchi wakati mvua zinakatika na nyasi za vilimani zingali mbichi. Ndiyo sababu somo la mazingira limeletwa mapema safari hii. Kazi inayoelezwa humu huleta faida ikifanywa mwezi Mei. Ikiahirishwa hadi Agosti, huwa imebaki kuhesabu hasara tu.

Mkuyu unaozungumziwa ni ule ule mnaoufahamu kandokando ya vijito viteremkavyo ziwani: shina nene lenye gome la kijani iliyochanganyika na manjano, na matunda yaliyoning'inia kwa vichala juu ya shina na matawi makubwa badala ya kuwa nchani. Ni ndugu wa mtini. Waislamu wanaujua mtini kwa sura ya Qurani inayoitwa kwa jina lake, na Wakristo wanaukumbuka mkuyu kwa Zakayo aliyeukwea apate kuona juu ya vichwa vya watu. Mti huu si mgeni kwa mtu yeyote katika kata zetu.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, jamii hii ya miti huwatia watu taabu kila mwaka. Wahamiaji wa Kiitalia waliokwenda kuishi New York walikuwa wakiufunga mtini kwa matambara na magunia, au wakiuinamisha na kuufukia ardhini, kisha kuufukua baridi inapokwisha. Hapa nchini, wakulima wa Njombe na Makete wanaijua sakitu inavyounguza miche kwa usiku mmoja. Mwambao wa Tanganyika hauna sakitu. Asubuhi za Juni na Julai zina ubaridi, na upepo wa kusini huwafanya wavuvi wavae makoti, lakini ubaridi huo hauui mkuyu. Majira magumu ya mkuyu wetu ni kiangazi chenyewe: takriban miezi minne isiyo na mvua ya maana, jua la wazi, mbuzi waliokosa majani mabichi, na moto unaopanda vilima kila mwaka. Wenzetu wa nchi za baridi huukinga mti wao kwa kuufunika. Sisi hatuna budi kuukinga wetu kwa kufyeka.

Mwandishi wa somo hili alishiriki, miaka kadhaa iliyopita, kupanda miche kuzunguka chemchemi moja ya vilimani. Ilikuwa mwezi Aprili. Hotuba zilitolewa, picha zikapigwa, kila mgeni akashindilia udongo wa mche wake kwa mguu na kuondoka. Hakuna aliyepangiwa kurudi. Tulipopita tena Septemba tulikuta vijiti vyeusi vilivyosimama kwa mistari iliyonyooka. Moto ulikuwa umetoka katika shamba la jirani aliyekuwa akilisafisha kusubiri mvua, naye alilaumiwa sana. Lakini sisi tuliopanda hatukuwa tumefyeka hata hatua mbili za nyasi kuzunguka mche mmoja. Tulipanda katikati ya kuni kavu, kisha tukamlaumu aliyeziwasha.

Kabla ya kueleza namna ya kufanya vizuri zaidi, inafaa kuondoa dhana moja. Wapo wanaoamini kwamba mkuyu huumba maji, na kwamba ukipandwa popote chemchemi itafumuka. Mkuyu hauumbi maji, unayafuata. Mahali unapomea wenyewe na kustawi, mara nyingi maji ya ardhini hayako mbali, na ndiyo maana wazee waliusoma kama alama. Kazi yake ni nyingine, nayo si ndogo. Mizizi yake hushika kingo za kijito katika miteremko yetu mikali, kivuli chake hupunguza ukali wa jua juu ya eneo la chemchemi, na majani yake yaliyooza huufanya udongo unywe mvua badala ya kuiacha ibomoke kwenda chini. Mti huo ukiondolewa, matone makubwa ya Novemba hupiga udongo mtupu, na tope huishia ziwani kufunika miamba wanakozalia samaki wadogo. Vijiji vinavyotegemea maji ya mserereko huiona hasara hiyo mapema, kwa kuwa bomba huziba mchanga mwaka huo huo.

Jambo la pili lisilojulikana sana linahusu matunda. Husemwa kwamba mkuyu hautoi ua. Ukweli ni kwamba maua yake yamo ndani ya kile tunachokiita tunda, mamia kwa mamia, yakitazama ndani. Nyigu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache, hupenya katika tundu jembamba la tunda changa, mara nyingi akipoteza mabawa yake njiani, huchavusha maua hayo, hutaga mayai na kufia humo. Kizazi chake kikikomaa, majike hutoka na chavua kutafuta mkuyu mwingine wenye matunda machanga. Muda wao wa kuishi nje ni siku moja au mbili. Basi katika eneo moja panahitajika mikuyu mingi, inayozaa kwa zamu mwaka mzima, kiangazi kikiwamo. Ikikatwa hadi ukabaki mmoja mmoja uliotengana mno, matunda yasiyochavushwa hayatoi mbegu za kuendeleza mti. Kuzaa huko kwa zamu ndiko kunakowalisha ndege, popo na nyani wakati miti mingine haina kitu. Sokwe wa Gombe, ambao wamechunguzwa tangu mwaka 1960, ni walaji wakubwa wa matunda ya jamii hii, na mbegu wanazoziangusha porini huotesha mikuyu ambayo hakuna binadamu aliyeipanda.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, tukianza na ile iliyo rahisi kuliko zote na inayopuuzwa kuliko zote: kisiki. Mkuyu uliokatwa haujafa. Chini yake kuna mizizi ya miaka mingi iliyokwisha kufika penye unyevu, nayo husukuma machipukizi hata wakati mche wa kitaluni ulio jirani unanyauka. Anayekitunza kisiki anaanza na mti uliokwisha kushinda viangazi vingi. Chagua machipukizi matatu au manne yenye nguvu, yaliyoshikamana vyema na kisiki, na uyaondoe mengine kwa kisu kikali. Mwaka wa pili bakiza mawili, au moja. Fyeka nyasi kuzunguka kisiki, zungushia miiba ili mbuzi wasifike, na kazi kubwa imekwisha. Mkoa wetu una uzoefu wa jambo hili. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994, ulitumia vitalu vya miche, na baadaye vijiji jirani na Gombe vikatenga misitu yao ya hifadhi, ambamo sehemu kubwa ya uoto ilirudi yenyewe kutoka visikini na katika mbegu zilizokuwamo udongoni.

Pasipo na kisiki, panda kipande cha tawi. Mwembe unaooneshwa Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, si ule wa siku hiyo; inaelezwa kwamba mti wa kwanza ulikufa na iliyopo leo ilitokana na vipandikizi vyake. Mkuyu huendelezwa kwa urahisi kuliko mwembe, kwa kuwa tawi lake hutoa mizizi likichomekwa tu ardhini. Kata tawi lililokomaa, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Liache kivulini siku moja au mbili hadi utomvu mweupe ukauke kwenye jeraha, kisha lisimamishe katika shimo la kina cha nusu mita na ushindilie udongo vizuri. Chukua vipande kutoka miti kadhaa, si mmoja, ili isifanane yote. Na wakati wa kupanda ni Novemba na Desemba, mvua zikishakolea. Kipande kilichopandwa Aprili kina wiki chache tu za kujitafutia mizizi kabla ya kuachwa na mvua.

Kwa miche iliyokwisha pandwa msimu huu, kiangazi cha kwanza ndicho cha hatari. Maji machache ya kila jioni yanadanganya: hulowesha juu, na mizizi hubaki juu kuyasubiri. Ni afadhali kumwagilia kwa wingi mara moja kwa wiki, maji yashuke, na mizizi iyafuate. Penye shida ya kubeba ndoo, fukia chungu cha udongo kisichopakwa rangi karibu na mche, mdomo ukiwa juu, ukijaze na kukifunika. Maji yatapenya taratibu kwenye kuta zake bila kupotea kwa jua. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo chini husaidia pia, ingawa huhitaji kujazwa mara nyingi. Kivuli cha makuti ya mchikichi upande wa magharibi, jua la alasiri linakotokea, kinatosha kwa miezi hiyo.

Kuhusu matandazo, tahadhari inahitajika. Nyasi kavu zilizotandazwa shinani huhifadhi unyevu, lakini vilimani moto ukifika ndizo zinazoupeleka hadi kwenye gome. Nyumbani na bustanini zitumike bila shaka, zikiachwa wazi kiganja kimoja kutoka shinani. Kwenye miteremko, tumia mawe. Mawe bapa yaliyopangwa kuzunguka mche huzuia mvuke, hayaliwi na mchwa na hayaungui, na katika vilima vyetu hakuna aliyewahi kuyakosa.

Kisha moto. Kuzunguka kila mche, parua nyasi hadi udongo uonekane, angalau mita moja kila upande. Kuzunguka eneo zima la chemchemi, wanakijiji wafyeke ukanda wa mita tano au zaidi, mpana zaidi upande wa chini, maana moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka. Nyasi zilizofyekwa zikusanywe nje ya ukanda. Zikiachwa zilale humo, ukanda umekuwa utambi. Hili ndilo linalotakiwa kufanywa wiki hizi, wakati kwato za mbuzi na fyekeo bado zinaweza kusaidiana na nyasi hazijawa petroli.

Anayetaka kusafisha shamba kwa moto akumbuke kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa uoto. Apate kwanza kibali cha mamlaka inayohusika kupitia uongozi wa kijiji, na awaarifu majirani. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa au ukingo wa mto. Mikuyu mingi iliyobaki imo ndani ya mita hizo. Wanaoikata kwa ajili ya tanuri la matofali au kuchemshia mawese wanajua wenyewe kwamba mti huu ni mwepesi na kuni zake hazina moto wa kudumu. Mti wa miaka mingi huishia kuwa majivu ya asubuhi moja.

Viongozi wa vitongoji wanaombwa kufanya jambo moja kabla ya Juni kuanza: kila chemchemi inayotumika iandikiwe majina ya watu wanne au watano watakaoikagua kila wiki mbili hadi mvua za kwanza. Orodha ikabidhiwe kwa afisa mtendaji wa kijiji, na nakala kwa chombo cha watumia maji pale kilipo. Ukaguzi ni wa kuangalia ukanda kama umeota tena, wigo wa miiba kama umefunguliwa, na miche ipi inahitaji maji. Oktoba orodha hiyo hiyo iletwe ikiwa na idadi ya miche na visiki vilivyo hai, ili vipande vya kuziba mapengo vikatwe mapema na kuwa tayari mvua za Novemba zitakapoanza.