Fonti Yako Isibaki Nyumbani: Vidokezo 5

Unatengeneza slaidi za harusi au somo la kompyuta lenye picha, sauti na video pale Buhongwa, Mwanza? Safi sana! Ila ukumbi ulioko mjini una kompyuta yake, na kama haina fonti yako, maandishi yanaweza kuvaa Arial mchana kweupe. Tiba ipo, na ni nyepesi.

1. Tiki moja, presha kwisha
Kwenye PowerPoint ya Windows fungua File, Options, kisha Save, uweke tiki kwenye "Embed fonts in the file". Utaona machaguo mawili: kubeba herufi zilizotumika tu, faili liwe jepesi, au kubeba zote. Jina la bibi harusi linaweza kurekebishwa dakika ya mwisho? Beba zote!

2. Ruhusa kwanza, urembo baadaye
Si kila fonti inakubali kubebwa. Kwenye Windows, tazama Properties za faili la fonti, sehemu ya Details. Ukikuta "Restricted", achana nayo. Google Fonts, iliyoanza 2010, imejaa fonti huria za bure, na unaweza kuzitumia hata kwenye kazi ya kulipwa.

3. Ipe mtihani wa Kisukuma
Huku kwetu ng' haikwepeki! Baadhi ya fonti za mapambo hazina ritifaa, na pengo lake hujazwa na kiboksi au alama ya fonti nyingine. Kabla ya kuipenda, andika: Ng'wana, ng'ombe, 50,000/=. Zote zimetoka vizuri? Ichukue.

4. Mtandaoni, ibane
Somo litafunguliwa kwenye kivinjari cha simu? Ambatanisha fonti ya muundo wa WOFF2, ambao umebanwa vizuri na vivinjari vya kisasa vinausoma. Chukua unene wa aina mbili tu, wa kawaida na mzito. Bando la mwanafunzi litakushukuru.

5. Ijaribu ugenini
Kompyuta yako ina fonti tayari, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha kasoro. Kabla hujapanda daladala ya mjini, pita steshenari ya jirani, chomeka flashi, fungua kazi yote mpaka slaidi ya mwisho. Na beba nakala ya video ya MP4: humo maandishi yameshakuwa picha, hayabadiliki popote. Dakika kumi tu, kisha nenda kifua mbele!